Mafuta ya Cheni: Maneno kwa Wanachama Wenye Pikipiki



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya mafuta ya cheni ya pikipiki. Huenda mmoja akauliza: Je, mkutano wa chama ni mahali pa kuongea habari za cheni? Mbona hatuongei habari za mshahara? Jibu letu ni kwamba habari hii nayo ni ya mshahara. Wengi wetu tulio katika kazi ya njia ya reli hatukai tena katika nyumba za stesheni. Twalala vijijini, na kabla ya jua kuchomoza twapanda pikipiki na kushika barabara ya udongo mpaka mahali pa kazi. Cheni ikikatika huko njiani, zamu imetupita. Cheni ikiisha kabla ya wakati wake, fedha ya kununua nyingine hutoka katika mfuko wetu sisi wenyewe. Tena liko jambo kubwa kupita fedha, nalo ni mwili wa mfanyakazi, yaani ngozi yake na vidole vyake. Hilo tutalifikia.

Kwanza tuwaeleze habari za mwenzetu mmoja wa genge letu. Alinunua cheni mpya na sproketi zake mbili, yale magurudumu ya meno, mwezi wa Januari. Huyu si mtu mvivu. Kila Jumamosi aliipaka cheni ile grisi nene mpaka haikuonekana. Sisi sote tulimsifu. Lakini ilipofika Agosti, meno ya sproketi ya nyuma yalikuwa yamechongoka kama meno ya msumeno, na cheni ikaruka mlimani akaanguka. Bahati njema aliumia goti tu. Basi tulikaa tukajiuliza: mtu aliyepaka kila juma, amekosea wapi? Tuliona kwamba hakukosa bidii. Alikosa kuchagua.

Ili tuelewane, yafaa tujue cheni ni nini. Hans Renold, fundi mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester huko Uingereza, aliandikisha uvumbuzi wake wa cheni ya bushi na rola mwaka 1880. Tangu hapo umbo lake halikubadilika sana. Kila kiungo kina pini. Pini imo ndani ya bushi, ambayo ni kibomba kidogo cha chuma. Na juu ya bushi inazunguka rola, ndiyo inayokaa katika meno ya sproketi. Cheni yenye viungo 120 ina pini 120, bushi 120 na rola 120. Kwa hiyo mtu anayepaka cheni mafuta ana nyumba 120 za kupelekea mafuta, na mlango wa kila nyumba ni ule uwazi mwembamba sana kati ya bamba na bamba.

Watu husema cheni imevutika. Kweli ni kwamba chuma hakikuvutika kama mpira. Pini na bushi zimelika. Zikilika sehemu moja ya kumi ya milimita katika kila kiungo, cheni ya viungo 120 imerefuka milimita 12, na hiyo ni karibu kiungo kizima. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojazwa ni cha hasara.

Basi kazi ya mafuta ni kuingia ndani, pini isikwaruzane na bushi, wala bushi na rola. Kazi yake ya pili ni kuzuia kutu. Mafuta yanayoonekana kwa nje, hata yakiwa mengi namna gani, hayajafanya kazi ya kwanza. Hilo ndilo kosa la grisi ya mwenzetu. Grisi nene haipiti katika mlango mwembamba. Hukaa nje, na kule nje kuna vumbi. Vumbi la barabara zetu lina mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu. Grisi na mchanga vikichanganyika vinakuwa kama ile dawa ya kusagia vali ambayo fundi wa injini huitumia kwa makusudi. Mwenzetu alikuwa akisaga sproketi zake kila siku akidhani anazitunza.

Ndugu zetu, sisi watu wa reli hatupaswi kushangaa kwa neno hili. Tazameni kona ya njia. Kule tunapaka grisi ubavuni mwa reli ya nje, pale ukingo wa gurudumu unaposugua. Juu ya reli hatupaki, maana grisi ikifika juu, magurudumu ya injini yatateleza na breki hazitashika. Tena mahali pengine injini humwaga mchanga juu ya reli ile ile ili gurudumu lishike. Hatua chache tu, hapa twataka utelezi, pale hatutaki. Wazee wetu wa injini za mvuke walijua hivyo pia. Oili nene ya silinda, iliyotengenezwa kustahimili joto la mvuke, haikuwa oili ya kutiwa mahali pote. Kila mahali palikuwa na mafuta yake. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo.

Sasa tuyatazame yale ambayo watu huyatumia, moja moja.

La kwanza ni oili chafu, iliyomwagwa kutoka katika injini. Hii ndiyo inayopendwa sana kwa sababu ni ya bure. Mtu huchukua chupa gereji, akaifunga nyuma ya pikipiki, akaona amepata. Lakini oili hiyo imetolewa katika injini kwa sababu imechoka. Ina masizi, ina asidi zilizotokana na kuchomwa kwa mafuta, na ina chembe za chuma kilicholika. Kuitia katika cheni ni kuchukua uchakavu wa injini na kuupeleka katika cheni. Wazee walisema rahisi inavunja upishi.

Tena hapa ndipo tulipoahidi kuongea habari za mwili. Oili chafu ya injini ikikaa juu ya ngozi mara kwa mara, kwa miaka, huweza kuleta ugonjwa wa ngozi, hata saratani. Neno hili si la kutishana. Wafanyakazi wenzetu walilipia kwa maisha yao. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, watu waliosimamia mashine za kusokota nyuzi walirushiwa mafuta na spindeli mwaka hata mwaka, suruali zao zikalowa, na wengi wakapata saratani ya ngozi katika sehemu za siri. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester waliandika wazi juu ya ugonjwa huo kwa wasokotaji. Lakini ni mwaka 1953 tu kanuni zilipotolewa kuamuru spindeli zile zitiwe mafuta yaliyosafishwa sana, au ya wanyama, au ya mimea. Miaka 31 kati ya daktari kusema na sheria kutenda. Basi mtu asituambie kwamba kuchagua mafuta ni jambo dogo lisilohusu chama. Wale wasokotaji hawakuugua kwa uvivu. Waliugua kwa mafuta waliyopewa.

Kwa hiyo twawasihi: msipake oili chafu kwa mikono mitupu, msifute mikono kwa suruali, wala msiweke kitambaa chenye oili mfukoni. Na msiimwage chini karibu na kisima au mto. Anayekunywa maji yale ni mtoto wako au wa jirani yako.

La pili ni grisi, tumekwisha kuisema. Grisi ina mahali pake, katika beringi za magurudumu, si juu ya cheni iliyo wazi katika vumbi.

La tatu ni ile dawa nyepesi ya kopo ya kulegezea nati iliyoshika kutu. Ni nzuri kwa kazi yake, na husaidia kufukuza maji. Lakini ni nyepesi mno. Haikai. Anayeipaka asubuhi, jioni cheni yake ni kavu tena. Asiihesabu kuwa ndiyo mafuta ya cheni.

La nne ni mafuta ya kupikia. Hayo yakikutana na hewa na joto hugeuka kuwa kama gundi, nayo gundi hushika vumbi. Yaacheni jikoni.

La tano ni oili ya gia, ile iliyoandikwa SAE 80W-90 au SAE 90. Hii ndiyo twaisifu kwa mtu wa mshahara wetu. Ni nzito kiasi cha kukaa, nayo ni laini kiasi cha kuingia. Vitabu vya watengenezaji wengi wa pikipiki vyenyewe vyataja oili ya gia ya namba 80 au 90 kwa cheni. Ubaya wake ni kwamba ukiipaka nyingi na kuondoka mara moja, inaruka kwenye ringi na tairi. Dawa yake ni kuipaka kidogo, kungoja, kisha kufuta.

La sita ni mafuta ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya cheni. Haya yako ya namna mbili. Iko namna inayonata, ambayo haioshwi upesi na maji. Hiyo yafaa wakati wa mvua, na kwa barabara ya lami. Iko namna nyingine ya nta, ambayo ikishakauka hainati. Hiyo ni bora kwa nchi ya vumbi na mchanga, kwa kuwa vumbi halipati pa kushika. Ubaya wake ni kwamba huisha upesi zaidi katika matope, na bei yake iko juu.

Basi mtu achague vipi? Ajiulize maswali mawili tu.

Swali la kwanza: cheni yangu ni ya namna gani? Chungulia kati ya mabamba. Ukiona vipete vidogo vyeusi vya mpira, hiyo ni cheni iliyofungwa. Grisi ya pini ilitiwa kiwandani na vipete vile vinailinda. Mafuta yako hayaingii kwenye pini, ila yanalinda mpira usikauke, rola zisilike, na chuma kisishike kutu. Cheni ya namna hiyo usiioshe kwa petroli wala kuisugua kwa brashi ya waya, maana utaharibu mpira na grisi itatoka, wala hutaweza kuirudisha. Kama ni kopo, hakikisha limeandikwa kuwa linafaa cheni yenye vipete vya mpira. Lakini usipoona mpira wowote, hiyo ni cheni ya wazi, nayo pikipiki nyingi ndogo za kazi katika nchi yetu zina cheni ya namna hii. Hiyo yategemea mafuta yako peke yake, ndani na nje.

Swali la pili: napita wapi, na ni majira gani? Anayepita njia ya vumbi katika kiangazi cha Januari na Februari, apake kidogo sana, afute sana, au atumie ya nta. Anayepita matope ya masika, Machi mpaka Mei, apake mara nyingi zaidi, maana maji na matope huosha mafuta. Mafuta ni yale yale ya gia, lakini mkono haupimi sawa katika kiangazi na masika.

Sasa namna ya kupaka. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati mahali tambarare. Zima injini, toa ufunguo, tia gia huru. Hapa, ndugu zetu, tusikilizane vizuri. Wako watu wanaowasha injini, wanatia gia, na cheni inapozunguka wenyewe wanashika kitambaa. Ni rahisi, na ni haraka. Kitambaa kikinaswa kati ya cheni na sproketi, kidole kinakwenda pamoja nacho, na mkono hauna nafasi ya kujirudi. Fundi wa reli asiye na vidole atashikaje nyundo au spana? Zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, na vidole viwe mbali na sproketi.

Osha cheni kwa mafuta ya taa kidogo na brashi laini, mfano wa mswaki wa zamani, mbali na moto na mbali na sigara. Futa mpaka ikauke. Usiipige kwa mashine ya maji ya nguvu, kwa kuwa maji yale husukuma mchanga ndani. Kisha dondosha oili upande wa ndani wa cheni, ule mshipi wa chini unaotazama juu, penye mipaka ya mabamba, kulia na kushoto. Cheni ikizunguka kwa kasi, mafuta husukumwa kwenda nje, hivyo yakianzia ndani yatapita katikati ya viungo. Wakati mwema ni jioni, umetoka kazini na cheni ina joto bado. Oili huingia vizuri, nayo inapata usiku mzima wa kutulia. Asubuhi futa yote iliyobaki nje. Mkono wa mwisho uwe wa kufuta, si wa kupaka. Tena tazama tairi la nyuma na breki. Tone la oili pale ni sawa na grisi juu ya reli.

Mara ngapi? Vitabu vingi husema kati ya kilomita 500 na 1,000. Kwa barabara zetu hizo ni nyingi mno. Sisi twasema mara moja kwa juma, na baada ya kila siku ya mvua kubwa au baada ya kuosha pikipiki.

Na mtu atajuaje kwamba cheni imekwisha? Asikisie, apime. Kwa cheni ya namba 428, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi ndogo, ivute iwe nyoofu, hesabu pini 21, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 21. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, ibadilishe, na sproketi zake zote mbili pamoja. Kutia cheni mpya juu ya meno ya zamani ni kuiua mpya.

Tumalize kwa hesabu. Kupaka mara moja kwataka kama vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10. Chupa ya nusu lita ya oili ya gia itapaka mara 50, karibu mwaka mzima ukipaka kila juma. Tuseme chupa hiyo ni shilingi 400, na cheni na sproketi ni shilingi 2,000. Aliyeua cheni moja kwa oili ya bure amepoteza thamani ya chupa tano. Ya bure imekuwa ya ghali, na goti na zamu hatujazihesabu.

Bwana Mwenyekiti, kwa hayo twaleta maombi matatu mbele ya tawi. La kwanza, wanachama wenye pikipiki wachange, wanunue debe moja la oili ya gia kwa bei ya jumla, igawanywe kwa chupa. La pili, kamati imkumbushe mwajiri kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa kulinda afya ya mfanyakazi. Kwa hiyo wenzetu wanaoshika oili chafu katika karakana wapewe glavu na sabuni ifaayo, wala wasiambiwe wanawe kwa petroli. La tatu, kila genge liwe na kipimo kimoja cha milimita, na mtu mmoja wa kuwapimia wenzake cheni kila mwisho wa mwezi.

Mwenzetu wa grisi alinunua cheni nyingine, naye sasa anatumia oili ya gia na kitambaa. Tumempimia juzi, milimita 255. Hatukumfanyia mchango wa hospitali, wala hakukosa zamu. Huo ndio ushuhuda tulio nao.

Umoja ni nguvu.